Nchi Iliyowaachilia Ndege Wote

Kuna nchi moja ya visiwa, huko mashariki jua linakotokea, ambako ndege wanapendwa kuliko mahali pengine popote duniani. Ndiyo maana wamekwisha.

Nchi hiyo sitaitaja jina. Wananchi wake ni wapole na hawapendi kusifiwa, na viongozi wao hujisifu wenyewe vizuri kabisa bila msaada wa mgeni. Mimi nataka tu kueleza mambo mema niliyoyasikia kutoka huko, ili nasi tupate la kujifunza.

Kila mwaka watu wa nchi hiyo huadhimisha Siku ya Rehema. Siku hiyo kila mtu mzima huchukua ndege wa mwituni aliye ndani ya kizimba, humsogeza karibu na midomo yake, humnong'oneza makosa yake ya mwaka mzima, kisha humfungulia mlango. Ndege huruka, na makosa huenda naye. Mtu hurudi nyumbani amekuwa mwepesi, hula vizuri, hulala vizuri, na kesho yake huanza makosa mapya. Ni desturi ya kale yenye huruma nyingi. Hakuna jambo la huruma kama kumfungulia kiumbe mlango.

Ila ili umfungulie kiumbe mlango, sharti kwanza awe ndani.

Kwa hiyo miezi yote kabla ya sikukuu, wategaji walipanda milimani na fito ndefu zilizopakwa ulimbo, ule utomvu unaonata ambao ndege akitua hatoki. Waliwabandua matawini mmoja mmoja, wakawasokomeza ndani ya chupa za maji zilizokatwa shingo, wakawapakia kwenye malori. Wengi walikufa njiani. Waliofika walinong'onezwa, wakaachiliwa kwa vigelegele, wakaruka hadi nyuma ya ukuta wa uwanja wa sikukuu, na huko wakaanguka kwa uchovu. Nyuma ya ukuta walisubiriwa na wategaji walewale, ambao waliwaokota, wakawafuta vumbi, na kuwauza tena kwa watu waliochelewa kufika. Ndege hodari aliweza kubeba makosa ya mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Baada ya adhuhuri hakubeba tena kitu.

Serikali ilipoona jinsi wananchi walivyopenda uhuru wa ndege, ilianzisha Wizara ya Uhuru wa Ndege, na wizara ikatunga sheria. Sheria ilisema kwamba ndege ambaye hajawahi kuachiliwa hatambuliki kuwa huru. Waziri alieleza bungeni kwa upole kabisa. Ndege aliyezaliwa msituni, akakulia msituni, akaimba msituni, je, ni nani aliyempa uhuru? Hakuna. Basi hana! Ni maskini wa uhuru, anarukaruka tu bila kutambuliwa. Serikali haitavumilia hali hiyo. Wote watakamatwa ili wote waachiliwe, na hakuna ndege atakayeachwa nyuma. Wabunge walisimama wakapiga meza. Mmoja alilia machozi, na alipoulizwa alisema ni vumbi.

Wakubwa nao wakaanza kushindana. Mkuu wa wilaya akifungua ukuta mzima wa vizimba, mkuu wa mkoa alifungua lori zima. Watu wenye midomo mirefu walisema wakubwa wanahitaji ndege wengi kwa sababu wana makosa mengi. Huo ni uzushi. Wakubwa wana mioyo mikubwa, na moyo mkubwa hautoshi ndani ya ndege mmoja.

Misitu ikanyamaza. Wananchi walipouliza kulikoni, serikali iliunda tume. Tume ilikaa katika hoteli nzuri, ikatafakari sana, ikaleta jibu kwamba ndege wapo, ila wamekwenda ziara ya mafunzo. Watarudi lini? Mwenyekiti wa tume alisema swali hilo halikuwamo katika hadidu za rejea.

*

Juu ya mji mkuu wa nchi hiyo kuna kilima, na juu ya kilima kuna kibanda cha mbao anamokaa Msikilizaji wa Taifa. Cheo hicho ni cha kale kuliko serikali yenyewe. Kazi yake ni kuamka kabla ya jua, kutega sikio, na kuwaambia watu ni ndege gani aliyeimba wa kwanza. Zamani alipiga upatu na kutangaza kwa sauti. Siku hizi hupiga simu, na Redio ya Taifa hutangaza kabla ya taarifa ya habari. Wenye kupanda walijua kwa hilo kama mvua ipo karibu, na wenye kuoa walijua kama siku ni njema.

Wakati wa kisa hiki Msikilizaji alikuwa msichana aitwaye Ratmi. Alisomea sauti za ndege chuoni. Aliwasoma kwenye kanda, kwa sababu ndege wenyewe walikuwa wameshaanza ziara yao. Ratmi alikuwa na haya nyingi. Akienda sokoni, alisubiri mwenye duka ageuke mwenyewe amwone, hata kama ni kusubiri mpaka duka lifungwe. Kwenye usaili wa kazi jopo lilimuuliza swali, naye akababaika, akatazama chini, akanyamaza. Jopo likatazamana.

"Huyu ndiye," akasema mwenyekiti. "Wale wengine wote walikuwa wakiongea."

Kila alfajiri Ratmi alisikiliza, na kila alfajiri mkuu wake, Bwana Suryo, Mkurugenzi wa Sauti, alimpigia simu akiwa bado kitandani.

"Enhe, binti. Leo umesikia nini?"

"Sikusikia kitu, bosi."

"Kitu ndiye ndege gani?"

"Hakuna ndege, bosi. Ni kimya."

"Ratmi mwanangu, mara ngapi nikueleze? Kimya hakitangazwi redioni. Kimya ni cha wapinzani. Wewe niambie tu umesikia kwa kiwango gani."

"Lakini sikusi—"

"Cha kuridhisha?"

Ratmi akatazama chini kwa haya.

"Ahsante. Hongera kwa kazi nzuri."

Na redio ikatangaza kwamba ndege wa taifa wameendelea kusikika kwa kiwango cha kuridhisha, licha ya changamoto. Mkulima aliyekuwa akisikiliza akainua macho akatazama miti yake, akatazama redio, akaamini redio. Redio ilikuwa na sauti.

*

Alfajiri moja Ratmi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi, mbingu bado haijakata shauri kama ni usiku au ni asubuhi, akasikia.

Sauti ilianza chini, kama mtu anayejaribu mlango bila kujua kama umefungwa. Ikapanda, ikakatika, ikapanda tena juu zaidi, ikamwagika yote kwa pamoja. Ratmi aliijua. Ni sauti ya serindi, ndege mdogo wa kahawia mwenye nyusi nyeupe, ambaye zamani mashairi ya harusi hayakukamilika bila kumtaja. Aliisoma chuoni kwenye kanda moja chakavu, na katika kanda ile, katikati ya wimbo, yule aliyerekodi alikohoa. Wanafunzi wote waliomsoma serindi walimjua pamoja na kikohozi chake.

Ratmi akasubiri kikohozi. Wimbo ukafika mahali pake, ukapita, ukaendelea. Hakuna aliyekohoa.

Chai ilimwagika miguuni, hakujua.

Kulipopambazuka alizunguka nyuma ya kibanda kwa ncha za vidole. Pale palikuwa na kichaka cha miiba ambacho hakikumfaa mtu yeyote kwa jambo lolote. Katikati ya miiba aliona kiota kidogo, na ukingoni mwa kiota aliona mkia mwembamba umesimama, na jicho moja jeusi linamtazama bila kupepesa. Jike lilikuwa linaatamia. Dume lilikaa tawi la juu likijichana manyoya, kama mume yeyote anayeamini ameshamaliza kazi ya siku.

Simu ikalia.

"Enhe, binti. Leo umesikia nini?"

Maisha yake yote Ratmi alitamani kulitaja jina lile kwa kazi, mara moja tu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akafikiria ulimbo. Akafikiria chupa zilizokatwa shingo. Akafikiria jinsi serikali itakavyofurahi, na hapo ndipo alipoogopa hasa.

"Kiwango cha kuridhisha, bosi."

Upande wa pili ulisikika mlio wa kitanda, mtu akiinuka.

"Ratmi," akasema Bwana Suryo kwa sauti ya baba, "sasa umeanza kukomaa."

*

Bahati mbaya mwaka huo Mkuu wa Nchi, ambaye wananchi humwita Baba wa Rehema, alikuwa na jambo zito moyoni. Ni jambo gani, hakuna aliyejua. Ilijulikana tu kwamba katika mazoezi ya sikukuu alinong'oneza dibaji yake kwa njiwa wawili watatu wa kufugwa, nao wakafa palepale. Wazee wa desturi waliitwa Ikulu. Wakasema dhambi za mtu wa kawaida hubebwa na ndege yeyote, lakini dhambi za Mkuu wa Nchi hubebwa na serindi peke yake.

Ndipo Waziri wa Uhuru wa Ndege, Mheshimiwa Bantala, alipopanda kilimani mwenyewe kabla ya jua kuchomoza. Aliongozana na Bwana Suryo, aliyekuwa amevaa suti juu ya pajama, na mtegaji mmoja mkongwe aliyeitwa Mzee Karso, mwenye ufito wake wa ulimbo begani.

"Kilima hiki mimi nilikimaliza zamani, Mheshimiwa," alisema Karso akihema.

"Ulikimaliza maana yake nini?"

"Niliwapa wote uhuru."

"Hapo sawa. Chagua maneno, Mzee. Tuna wageni wa nje wanasoma magazeti yetu." Waziri akamgeukia Ratmi. "Wewe ndiye sikio la taifa?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," Ratmi alisema, akitazama viatu vyake.

"Marahaba. Sasa wote kimya. Tusikilize. Akiwepo serindi, Mzee Karso atampa uhuru leo leo."

Wakanyamaza. Mbingu ilianza kuwa ya kijivu upande wa mashariki. Ratmi alijua dume huanza muda gani, na muda ulikuwa huo. Nyuma ya kibanda, chini kabisa, ile sauti ikajaribu mlango.

Ratmi alikuwa hajawahi kumsemesha mkubwa bila kuulizwa. Sijui alipata wapi ulimi.

"Mheshimiwa, samahani! Ile falsafa yako ya uhuru... chuoni tulifundishwa nusu tu."

Waziri akageuza kichwa polepole. "Nusu?"

"Nusu ya kwanza. Mwalimu alisema nusu ya pili ni nzito mno. Hata yeye ilimshinda."

"Ilimshinda!" Waziri akaweka mkono kifuani. "Suryo, unasikia? Ilimshinda! Nimesema siku zote, vyuo vyetu vina tatizo la walimu. Sogea hapa, binti. Uhuru ni nini? Uhuru ni mlango. Lakini je, mlango ni nini bila ukuta? Ni mbao tu! Kwa hiyo anayekuletea ukuta, huyo ndiye mwanzilishi wa uhuru wako..."

Alikuwa na sauti iliyozoea viwanja. Nyuma yake wimbo ulipanda, naye akapanda nao bila kujua. Wimbo ulipokatika, alikatika kidogo ameze mate, na Ratmi akadakia upesi:

"Na mtu asiyetaka ukuta, Mheshimiwa?"

"Swali zuri! Huyo hajaelimishwa. Tunamletea ukuta kwa awamu..."

Na alipotulia anywe maji: "Na kofuli je, Mheshimiwa?"

"Ahaa, kofuli! Suryo, msichana huyu anatoka ukoo gani? Kofuli, binti, ni utawala wa sheria..."

Bwana Suryo alikuwa amelala wima, macho wazi, kama wafanyavyo maofisa waandamizi. Mzee Karso alikuwa macho hasa. Alikikodolea kichaka cha miiba, na ufito ulitetemeka mkononi mwake kama ufito wa ndoano iliyoguswa na samaki.

Jua lilipogusa paa la kibanda, serindi alinyamaza, maana huimba alfajiri tu. Waziri naye akamaliza, amelowa jasho na ana furaha isiyo kifani.

"Sikusikia ndege yeyote," alisema, "lakini sijawahi kuongea vizuri namna hii."

Walipoanza kuteremka, Karso alibaki nyuma kana kwamba anafunga kandambili.

"Yule ni dume," alisema kwa sauti ya chini. "Jike liko wapi?"

Ratmi akaanza kulia bila sauti.

"Usiniambie. Mkono wangu una mazoea yake. Ukiniambia, utakwenda wenyewe." Akajifuta uso kwa kanga iliyokuwa begani. "Waziri ameniahidi nyumba ya bati, binti yangu. Ile yangu inavuja mpaka vyura wamehamia."

"Mzee, hao ndio wa mwisho."

"Nani ajuaye wa mwisho, mimi au wewe? Niliwakamata, wakanong'onezwa, wakaachiliwa, nikawaokota tena na dhambi za watu zikiwa ndani yao. Unafikiri dhambi hizo zilikwenda wapi? Ziko kwangu! Mara naota nimeiba ng'ombe wa mtu nisiyemjua hata kwa sura. Mara nimemdanganya mke wa hakimu." Akainuka kwa taabu. "Sikuahidi kitu. Bati ni bati."

Akateremka.

*

Wiki ile ile Waziri aliliambia Baraza kwamba kilima kile kina hewa ya hekima, na akapendekeza mwaka huu Siku ya Rehema isifanyike uwanjani. Ifanyike kilimani, alfajiri, Baba wa Rehema akiwa amesimama mbele ya kibanda cha Msikilizaji. Baraza liliafiki kwa vifijo. Ratmi aliposikia habari hiyo redioni, akakaa chini sakafuni. Alikuwa amewaokoa ndege kwa kuiita serikali nzima mlangoni kwao.

Wakaja mafundi wa jukwaa, na baada yao watu wa kufyeka, kwa kuwa Mkuu wa Nchi hapendi kuona kitu kinachoota bila mpango. Walianzia mbele ya kibanda. Ratmi aliwasikia wakizunguka. Akatazama huku na huku chumbani mwake, hakuona silaha yoyote isipokuwa ile picha ya Baba wa Rehema ambayo kila chumba cha serikali hutundika ukutani. Akaing'oa, akatoka mbio kupitia dirishani, akaitundika juu ya kichaka cha miiba.

Wafyekaji walipofika wakasimama na mapanga juu.

"Fyeka," alisema wa kwanza.

"Fyeka wewe, ndiwe kiongozi wa kikundi."

"Mimi nina watoto."

"Kwani wangu ni mbuzi?"

Wakaitazama picha. Picha ikawatazama. Mmoja akavua kofia, na wengine wakamfuata. Mwishowe wakafyeka kwa mbali kukizunguka kichaka, wakakizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, na kabla ya kuondoka wakakipigia saluti. Jike serindi aliatamia chini ya kidevu cha Mkuu wa Nchi, katika ulinzi ambao mawaziri wengi hawajaupata.

Serindi wa kumwachilia hakupatikana. Waziri alimwita Karso, akamwambia bati limeshanunuliwa, ndege yuko wapi? Karso akaleta kizimba chenye kifaranga cha kuku, kilichochovywa kwenye kahawa, na nyusi zake zimechorwa kwa chaki. Waziri alikitazama kwa muda mrefu.

"Serindi wa mwaka huu wamenenepa," alisema.

"Ni sera nzuri, Mheshimiwa," Karso akajibu.

*

Siku ikafika. Kabla ya mapambazuko kilima kilijaa: mawaziri, majaji, mabalozi, askari, na nyuma kabisa wategaji na nyavu zao, waliokuja kungoja kama kawaida. Baba wa Rehema alipanda jukwaani akishikwa mikono. Akapewa kizimba.

Inafaa kueleza hapa kwamba sheria ya nchi hiyo inakataza mtu yeyote kutoa sauti wakati Mkuu wa Nchi ananong'ona. Mwaka uliotangulia balozi mdogo wa nchi fulani alipiga chafya, na inasemekana bado anaipiga huko aliko. Inafaa kueleza pia kwamba Baba wa Rehema alikuwa mzee na masikio yake yamekufa nusu, hivyo mnong'ono wake ulikuwa sawa na mazungumzo ya mtu mwingine. Uwanjani haikuwa na shida, watu walikaa mbali. Kilimani walikuwa miguuni pake.

Kimya kikatanda. Baba wa Rehema akainamia kifaranga.

"Ndege wangu," akanong'ona, na taifa zima likamsikia, "mwaka huu, kuhusu ule msitu wa kaskazini..."

Mawaziri waligeuka mawe. Na katika kimya kile, nyuma ya kibanda, chini kabisa, mtu akajaribu mlango.

Serindi aliimba. Ratmi aliona vichwa vya mbele vinainuka. Akaona wategaji wa nyuma wanatazamana, na mmoja wao anakunjua wavu taratibu, kama mtu anayekunjua mkeka wa kulalia. Waziri Bantala alifungua mdomo. Alikuwa akimtazama kifaranga, halafu kichaka, halafu kifaranga, na ungeweza kuona hesabu ikifanyika usoni mwake. Wimbo ulipanda, ukakatika, na ulikuwa unajiandaa kupanda tena.

Ratmi, ambaye hakuwahi kumwita hata muuza maandazi, alisimama juu ya kizingiti cha kibanda chake akafumba macho.

"Baba wa Rehema hoyeee!"

Sauti yake ilivunjika katikati kama kijiti. Hakuna aliyejibu. Askari wawili wakaanza kumjia. Baba wa Rehema, ambaye hakusikia kitu, aliendelea, "...na wale waliokuwa wanakaa ndani yake, ndege wangu..." Serindi akaendelea. Ratmi alifumbua macho akaona mkono wa askari unakuja.

"Hoyeee!"

Ilitoka nyuma, katikati ya wategaji. Ilikuwa sauti nzito ya uzee, ya mtu aliyezoea kuita wenzake kutoka bonde hadi bonde. Mzee Karso alikuwa amepanda juu ya ndoo, kanga yake ikipepea.

"Baba wa Rehema hoyeee!"

Bwana Suryo, aliyekuwa amelala wima, akaamka kwa mazoea. "Hoyeee!"

Baada ya hapo haikuwezekana tena. Nani angethubutu kunyamaza wakati mkurugenzi ameitikia? Majaji wakaitikia. Mabalozi wakaitikia kwa lugha zao. Askari aliyekuwa ameshamshika Ratmi bega akaitikia akiwa amemshika. Mwenye wavu aliutupa chini ili apate mikono ya kupiga makofi, kwa kuwa jirani yake alikuwa akimwangalia. Na ilipokwisha kuanza, hakuna aliyeweza kuacha, maana wa kwanza kuacha angejulikana. Waliitikia mpaka sauti zikakauka, mpaka Waziri Bantala akapiga magoti, mpaka jua likagusa paa la kibanda na lile tawi la juu likawa tupu na tulivu.

Baba wa Rehema alimaliza mnong'ono wake kwa amani, akafungua kizimba. Kifaranga kikatoka, kikalitazama taifa, kikashuka ngazi za jukwaa moja moja, kikaanza kudonoa chini ya viti. Mtangazaji wa redio hakubabaika. Aliwaeleza wasikilizaji kwamba serindi ameamua kutembea ili awe karibu na wananchi.

*

Ratmi alifikishwa siku hiyo hiyo mbele ya Mkuu wa Usalama. Waziri Bantala na Bwana Suryo walikuwepo, wamekaa mbali naye kabisa.

"Umevunja ukimya wa Mkuu wa Nchi," alisema Mkuu wa Usalama. "Kwa nini? Ulisikia nini?"

Waziri akajitazama kucha.

"Sikusikia kitu, Mheshimiwa," alisema Ratmi.

Mkuu wa Usalama akaegemea kiti. Uso wake ulilainika kama wa mtu aliyeletewa maji ya kunywa.

"Hukusikia kitu. Kuhusu msitu wowote?"

"Hapana."

"Wewe, Waziri?"

"Mimi?" Waziri akarekebisha tai. Kuna ndege alimsikia pale kilimani, serindi wa kweli kabisa, na kumleta kungemfanya waziri wa maisha. Lakini mtu hawezi kumsikia ndege akaacha kusikia kilichonong'onwa wakati uleule. "Mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa uzalendo. Sikusikia chochote."

"Suryo?"

"Nilikuwa nimelala, Mheshimiwa," alisema Bwana Suryo, na ndilo neno pekee la kweli lililosemwa siku hiyo katika jengo lile.

Kabla ya jioni serikali nzima ilikuwa imeapa kwamba alfajiri ile, kilimani pale, hakuna sauti ya namna yoyote iliyosikika. Kuanzia hapo kutaja kwamba kuna kitu kimeimba nyuma ya kibanda ikawa ni kosa la uhaini. Mtegaji mwenye wavu alifikiriafikiria, akaamua kujifunza kufuga samaki.

Cheo cha Msikilizaji kilifutwa, kwa kuwa mtu asiye na la kusikia hana haja ya masikio. Ratmi alipewa cheo kipya, Mshangiliaji wa Taifa. Anakaa katika kibanda kilekile, na kila alfajiri, mbingu inapoanza kuwa ya kijivu, redio humfungulia mitambo naye humshangilia Baba wa Rehema mpaka jua lichomoze. Sauti yake bado inavunjika katikati. Mzee Karso huitikia. Bati hakulipata. Ratmi alimkaribisha chumba cha nyuma, kisichovuja, na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba asitoke nje kwa mlango wa upande wa kichaka. Mzee mwenyewe aliomba mlango huo upigiliwe misumari.

Mwanzoni shangwe hiyo ilidumu muda wa kuchemsha chai. Baada ya mvua za kwanza, makinda ya kichakani yalipokwisha kujifunza kuimba, Ratmi alimwendea Waziri, akasimama mlangoni mpaka akaonekana, akaomba irefushwe kidogo. Ikarefushwa. Baada ya mvua zilizofuata alirudi, akaomba waitikiaji wengine, kwani Mzee Karso peke yake hatoshi tena. Wakaletwa.

Mwaka huu ameomba ngoma. Tena kubwa, na kama itawezekana, tarumbeta pia kwa upande wa bondeni. Waziri alikubali bila kuuliza swali. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajawahi kuona mapenzi ya wananchi kwa kiongozi wao yakikua kwa kasi namna ile, hata huko bondeni ambako hakai mtu.